Fildi ya jiografia ya maumbile Iceland: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Kila ikifika Januari simu yangu hujaa ujumbe wa vijana kutoka Tanga, Moshi, Mombasa, Kisumu, hata Bujumbura. Wamepata nafasi ya kusoma jiografia Uingereza, na idara imewaambia wajiandae kwa fildi ya Iceland. Mimi nilikwenda huko nikiwa mwaka wa pili, nikarudi mara mbili baadaye nikisaidia kuongoza makundi. Maswali ni yaleyale, na kila mmoja nilikuwa namjibu kivyake usiku. Nimeyaweka hapa yote, pamoja na yale ambayo watu huona haya kuyauliza.

Dada, fildi yenyewe ni nini hasa? Si matembezi tu?

Kwetu neno "fildi" limezoeleka kwa mazoezi ya kazi: unapelekwa halmashauri au kiwandani kwa wiki kadhaa, unarudi na barua yenye muhuri. Hii ni nyingine. Mnaondoka wanafunzi thelathini au arobaini na wahadhiri watatu au wanne, mnakaa hosteli moja siku saba hadi kumi, na kila asubuhi mnatoka kwenda kupima kitu. Mteremko wa kilima. Ukubwa wa mawe. Kasi ya maji. Umbali kutoka kwenye barafu hadi alama iliyowekwa mwaka jana. Jioni mnaingiza namba kwenye kompyuta na kubishana zinasema nini. Alama zake huingia kwenye shahada yako, kwa hiyo usiichukulie kama likizo hata kama picha za waliotangulia zinaonyesha watu wanacheka mbele ya maporomoko ya maji.

Kwa nini Iceland?

Kwa sababu huko ardhi inabadilika upesi kiasi cha mtu kuona kwa macho yake. Nchi yenyewe ina kilomita za mraba 103,000 hivi, na sehemu moja katika kumi imefunikwa na barafu. Barafu hiyo imekalia volkano zilizo hai. Moto chini, barafu juu, bahari pembeni, na watu wachache sana wa kukuzuia kuona. Mambo ambayo mahali pengine huchukua maelfu ya miaka, huko mhadhiri anaweza kukuonyesha kwa kidole: "Nilipokuja hapa mara ya kwanza, ziwa hili halikuwepo." Alituambia hivyo pale kwenye barafu ya Sólheimajökull, na ni kweli, ziwa lile lililo mbele ya barafu lilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 2000, barafu iliporudi nyuma na kuacha shimo.

Tena usidhani ni mambo ya Wazungu wa mbali. Aprili 2010 volkano ya Eyjafjallajökull ilipolipuka, jivu lilifunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, na waridi na maharage mabichi kutoka Naivasha yakaoza yakisubiri ndege Nairobi. Vibarua waliokosa ujira wiki ile walikuwa Wakenya. Huo ni mlipuko uliotokea chini ya barafu, na ni maji ya barafu hiyo yaliyokutana na magma (mwamba ulioyeyuka) yakaisaga kuwa jivu laini linalosafiri mbali. Nikiulizwa jiografia ya maumbile ina kazi gani, naanzia hapo.

Sijawahi kuona theluji maishani. Nitaachwa nyuma na wenzangu?

Hapana, na swali hili ndilo lililonifanya nianze kuandika. Wenzako wengi waliokulia Uingereza hawajawahi kuona bonde la ufa, wala mlima unaofuka moshi. Wewe umevipita ukiwa ndani ya basi.

Siku ya kwanza makundi mengi hupelekwa Thingvellir, ambako Waiceland walianzisha bunge lao mwaka 930. Hapo mabamba mawili ya gamba la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana, kiasi cha sentimita 2 hivi kwa mwaka, na ardhi ya katikati imezama. Kuna korongo liitwalo Almannagjá, unatembea ndani yake ukuta wa mwamba ukiwa upande mmoja. Niliposimama pale nikakumbuka Mto wa Mbu: ukuta umesimama, tambarare chini yake, maji yamejikusanya bondeni. Niliinua mkono nikamwambia mhadhiri kwamba napajua mahali hapa. Akanitaka nieleze tofauti, na hapo nikakwama, kwa sababu nilikuwa nimeona kufanana tu.

Tofauti ni kubwa. Ufa wetu unapasua bara nene na la kale, tena kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ule wa Iceland ni mgongo wa bahari ya Atlantiki uliochomoza juu ya maji, na ardhi yake yote ni changa. Lava yake ni ya basalti, inatoka ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi. Sasa mlete Ol Doinyo Lengai: ndiyo volkano pekee duniani leo inayotoa lava ya natrokabonati, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, inatoka nyeusi na kugeuka nyeupe ikishapata unyevu wa hewa. Mwanafunzi anayeweza kueleza kwa nini lava hizi mbili hazifanani ameshaelewa nusu ya mhadhara wa volkano. Hakuna mwenzako darasani atakayekuja na mfano huo kutoka nyumbani kwao.

Na barafu ni hivyohivyo. Ya Kibo iko juu ya mita 5,000, imesimama kama kuta, na jua huila sana bila hata kuiyeyusha kuwa maji, inageuka mvuke moja kwa moja. Ilikuwa takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912, mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Ya Iceland inateremka hadi karibu na usawa wa bahari, ina maji chini yake, inateleza, inasaga mwamba na kubeba mawe. Nenda na picha ya Kibo kichwani, ukailinganishe.

Nina viza ya mwanafunzi ya Uingereza. Inatosha?

Haitoshi. Iceland imo katika eneo la Schengen, Uingereza haimo. Ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo unahitaji viza ya Schengen, hata kama darasa zima lenye pasipoti za Uingereza linapita bila viza.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kisheria yasichelewe kupita siku 15 kabla. Usiishi kwa hizo siku 15. Uamuzi unaweza kurefushwa hadi siku 45, na miadi ya kupeleka alama za vidole huisha upesi karibu na Pasaka, wakati vyuo vingi vinasafiri. Ada ni euro 90. Andaa barua ya idara inayotaja tarehe na nani analipia, nafasi za malazi, bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, taarifa ya benki, na pasipoti itakayoendelea kuwa hai miezi 3 baada ya kutoka.

Mwaka wangu, kijana mmoja wa Mombasa aliomba mapema kama sisi wote. Ofisi iliyoshughulikia ikamrudishia pasipoti siku mbili baada ya ndege kuondoka, viza ikiwa imebandikwa ndani. Idara ikampa kazi mbadala ya kuchambua ramani na picha za setilaiti, akaifanya vizuri, lakini hakuna aliyemrudishia ile wiki. Nililia kwa niaba yake, na bado inaniuma. Kwa hiyo siku mnayotangaziwa safari, nenda kwa msimamizi wako siku hiyohiyo uombe barua. Na muulize kwa maandishi: nikikosa viza, kazi mbadala ni ipi na itasahihishwa vipi?

Gharama ni ya nani?

Inategemea idara. Nyingine huweka safari ndani ya ada, nyingine hutaka mchango. Uliza kabla ya kuchagua somo, uliza pia kama ada ya viza hurejeshwa. Baadhi hurejesha lakini hawatangazi.

Nivae nini? Nimetoka Tanga, baridi ninayoijua ni ya Lushoto.

Baridi yenyewe si adui mkubwa, maana majira ya kiangazi huwa nyuzi 10 hivi. Adui ni upepo pamoja na maji. Mvua inakuja ubavuni, haiji kutoka juu.

Vaa tabaka: fulana nyembamba ya sufu au ya kitambaa cha michezo inayogusa mwili, sweta juu yake, kisha koti la mvua na suruali yake ya mvua. Jinzi acha hosteli. Pamba ikilowa inakaa na maji na kukunyonya joto mwilini. Buti ziwe zimefunika kifundo cha mguu, na uzitembelee mwezi mzima kabla, kwenda dukani na kurudi, mpaka zikuzoee. Idara nyingi huazima koti na buti, wewe nunua soksi za sufu, glavu pea mbili na kofia. Maduka ya hisani ya Uingereza ni mitumba kama ya kwetu, nilipata koti zuri kwa bei ya chakula cha mchana.

Beba miwani ya jua na mafuta ya kukinga jua, hata kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu. Barafu inarudisha mwanga usoni kutoka chini, na midomo hupasuka siku ya kwanza. Anayevaa hijabu atafute ile nyembamba ya michezo inayobana, kwa sababu kwenye barafu helmeti ni lazima na kilemba kinene hukaa vibaya chini yake.

Siku ya kazi inakwendaje? Tunapima nini?

Nitaeleza siku moja vizuri kuliko kutaja kumi juujuu.

Tulifika Sólheimajökull saa 3 asubuhi. Barafuto hii, yaani mto wa barafu unaotembea, inateremka kutoka kwenye kofia kubwa ya barafu ya Mýrdalsjökull, na chini ya kofia hiyo imelala volkano ya Katla. Kitu cha kwanza nilichokiona ni weusi. Nilitarajia weupe, kumbe sehemu ya mbele ya barafu imejaa jivu na changarawe, ina vilima vidogo vyenye ncha kama vichuguu. Kitu cha pili ni harufu ya yai viza. Mto unaotoka pale wenyeji waliuita zamani Fúlilækur, kijito kinachonuka, kwa sababu ya gesi ya volkano inayotoka na maji.

Kazi yetu ilikuwa mawe. Swali: mawe yaliyoachwa na barafu yanatofautianaje na yale yaliyokwisha kubebwa na mto? Kila wawili wanapewa sehemu yao, mnachukua mawe 50, kila jiwe mnalipima kwa kalipa, kifaa cha taya mbili za kubana jiwe, mara tatu (urefu, upana, unene), kisha mnalilinganisha na kadi yenye michoro ya madaraja sita, kutoka lenye kona kali kabisa hadi la mviringo kabisa. Mmoja anapima, mwenzake anaandika. Mnasogea mita 200 kufuata mto, mnaanza tena.

Mahesabu yangu ya jioni yalionyesha kwamba mawe ya mdomoni mwa barafu ni ya mviringo kuliko ya chini mtoni. Haiwezekani. Mawe huviringika kadiri yanavyosukumwa na maji, kona zinavunjika njiani. Mhadhiri hakunikemea. Kesho yake alinirudisha palepale akaniambia, "Okota mawe kumi." Nikaokota. Akaniambia niyatazame. Yote yalienea kiganjani vizuri, laini, ya kushikika. Mikono yangu ilikuwa na baridi, ikawa inakwepa yenye kona bila mimi kujua. Akanifundisha: geuza uso, teremsha kidole kwenye ncha ya buti, jiwe la kwanza utakaloligusa ndilo hilo, liwe zuri au baya, piga hatua moja, rudia. Asili yake ni mbinu aliyoieleza Mmarekani M. Gordon Wolman mwaka 1954 kwa kupima mawe 100 mtoni. Nilirudia sehemu nzima, saa mbili chini ya mvua, na safari hii namba zikakaa sawa.

Nimesoma vitabu vingi vya takwimu baada ya hapo. Hakuna kilichonieleza upendeleo wa sampuli kama vidole vyangu vilivyokuwa na ganzi siku ile.

Kazi nyingine mtakazokutana nazo: kupima kasi ya maji kwa kurusha chungwa mtoni na kuhesabu sekunde (chungwa huelea likiwa limezama kiasi, upepo haulichezei, na unaliona kwa mbali, kisha unapunguza kasi uliyoipata kwa kuizidisha mara 0.8 hivi, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini), kuchora mkato wa moreni (tuta la mawe lililosukumwa na barafu) kwa fito mbili na klinomita, kifaa cha kupimia mteremko, na kupima likeni za kijani-manjano zinazoota juu ya mawe. Hizo hukua polepole mno, kwa hiyo ile kubwa kabisa kwenye jiwe inakisia ni miaka mingapi tangu barafu iliache. Jina lake la kisayansi ni Rhizocarpon geographicum, kwa kuwa madoa yake yanafanana na ramani.

Kwa nini kila kundi husimama kwenye vile vyuma vilivyopinda barabarani?

Nafurahi ukiuliza. Hapo ni Skeiðarársandur, uwanda wa mchanga mweusi na changarawe wa kama kilomita za mraba 1,000, zaidi ya nusu ya kisiwa cha Unguja, wote umetandazwa na mito ya maji ya barafu. Vyuma ni mabaki ya daraja lililovunjwa na mafuriko.

Tarehe 30 Septemba 1996 volkano ililipuka chini ya barafu ya Vatnajökull. Maji yaliyoyeyuka hayakutoka. Yalikwenda kujikusanya katika ziwa la Grímsvötn lililofunikwa na barafu, wiki baada ya wiki, huku wanasayansi wakipima uso wa barafu unavyoinuka na kujua kwamba siku moja utafunguka. Barabara ikafungwa. Tarehe 5 Novemba maji yakainua barafu na kupita chini yake. Kilele kilifika kati ya mita za ujazo 45,000 na 50,000 kwa sekunde. Ndugu zangu wa Kongo watanielewa: kwa saa chache uwanda ule ulipitisha maji kuliko wastani wa mto Kongo mzima. Vipande vya barafu vyenye ukubwa wa nyumba vilibebwa kama magome. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa walingoja mwezi mzima wakiwa tayari.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hulipita. Karibu na hapo kuna daraja la zamani la mto Skeiðará, mita 880, lililokuwa refu kuliko yote nchini. Mwaka 2009 barafu ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba mto ukahama, ukaungana na mwingine magharibi, na daraja likabaki juu ya mchanga mkavu. Mwaka 2017 wakafungua daraja dogo pembeni kwa kijito kilichobaki. Omba mhadhiri akupe dakika kumi uchore pale. Vyuma vilivyopinda vinakuonyesha nguvu ya siku mbili, daraja lisilo na mto linakuonyesha kazi ya polepole ya miaka.

Ukiona vishimo vya duara kwenye mchanga, ni makaburi ya vipande vya barafu vya 1996: vilifukiwa, vikayeyuka, ardhi ikadidimia.

Daftari la fildi niliandikeje?

Penseli. Si kalamu ya wino. Karatasi isiyolowa kama unaweza kuipata. Kila ukurasa uanze na mahali, tarehe, saa, hali ya hewa na majina ya mlio pamoja.

Kabla hujapima chochote, kaa dakika tano uchore unachokiona. Sijali kama hujui kuchora. Mkono ukichora mstari wa moreni unalazimika kuamua mstari unaanzia wapi, na jicho linagundua kwamba kuna mitatu, si mmoja. Simu haikulazimishi kuamua kitu. Weka kipimo kando ya mchoro, weka mshale wa kaskazini, halafu tenganisha mambo mawili: upande wa kushoto unachokiona, upande wa kulia unachodhani. "Jiwe lina mikwaruzo sambamba" ni kushoto. "Lilisagwa chini ya barafu" ni kulia. Wanaochanganya haya mawili huandika ripoti dhaifu hata kama walipima kwa bidii.

Ukikosea, piga mstari mmoja. Usifute. Lile kosa langu la mawe limo kwenye daftari mpaka leo, na ndilo lililopata maoni marefu ya msahihishaji.

Vipi kuhusu swala, chakula na mabwawa ya kuogelea?

Hosteli nyingi mnapika wenyewe, samaki ni wengi na wazuri, kwa hiyo chakula hakisumbui. Mweleze kiongozi mapema, siyo mezani.

Ukienda katikati ya Juni, jua la Reykjavik huzama karibu saa 6 usiku na kuchomoza karibu saa 9, na giza halisi halipo. Nyakati za Isha na Alfajiri hapo zinahitaji fatwa, na ruhusa ya msafiri ina masharti yake; muulize sheikh wako kabla ya kuondoka ili usianze kubishana na programu ya simu usiku wa manane. Kibla kutoka kusini mwa Iceland ni mashariki, kikielekea kusini kidogo. Lakini angalia dira: kaskazini ya sumaku huko iko karibu nyuzi 10 magharibi ya kaskazini halisi, na mawe ya basalti yana chuma kinachovuta sindano. Usiweke dira juu ya mwamba. Hilo litakusaidia kwenye mkeka na kwenye vipimo pia.

Mabwawa ya maji moto ni sehemu ya maisha ya wenyeji, na kanuni yao ni kuoga bila nguo kwa sabuni kabla ya kuingia. Mabwawa mengi yana chumba cha pembeni chenye pazia au mlango. Uliza mapokezi bila aibu. Na ukiamua kutoingia, hakuna anayekudai sababu.

Na sisi wanawake, choo tunafanyaje?

Swali halali. Kwenye uwanda kama Skeiðarársandur hakuna kichaka hata kimoja. Kundi zuri huwa na hema dogo au ratiba ya kurudi kwenye kituo. Kama halijasemwa, mwombe kiongozi alitangaze, na hutakuwa peke yako unayeshukuru. Beba mfuko wa kufungia taka. Siku zako zikikukuta huko, una haki ya kuomba kazi ya karibu na basi.

Kuna hatari?

Ipo, na inaheshimika kwa kufuata maelekezo. Barafuni huendi bila mwongozaji, kramponi (meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti) na helmeti. Wetu alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, alitaka tumwite kwa jina lake tupu kama ilivyo desturi yao, nami nilishindwa, nikawa namwita "mzee" kwa Kiswahili mpaka akajifunza kuitikia.

Mito ya maji ya barafu hujaa alasiri, jua likishayeyusha barafu. Uliyoivuka asubuhi ikiwa magotini inaweza kuwa kiunoni wakati wa kurudi. Ukingoni mwa maziwa ya barafu kuna matope yanayodidimia. Ufukwe wa Reynisfjara una mawimbi yanayokuja ghafla kupita mengine yote, na yameua watu waliokuwa wanapiga picha, kwa hiyo kwa sisi wa pwani tunaojiona tunaijua bahari: usiipe mgongo. Katla haijafanya mlipuko mkubwa tangu 1918 lakini inaangaliwa usiku na mchana; ikiashiria hatari, ujumbe hutumwa kwa simu zote za eneo hilo. Acha simu ikiwa hai. Namba ya dharura ni 112.

Maneno haya nitamwelezaje mama nyumbani kwa Kiswahili?

Mimi husema barafuto kwa ule mto wa barafu unaotembea, moreni kwa tuta la mawe ulilolisukuma, na sanduri kwa uwanda wa mchanga mbele yake. Mafuriko yanayofumuka chini ya barafu, jökulhlaup kwa Kiiceland, nayaita fumuko la barafuto, lakini wewe ukipata neno bora nitalichukua. Jaribu kumweleza mtu wa nyumbani kila jioni kwa ujumbe wa sauti. Mara tatu niligundua sijaelewa kitu nilipomsikia mama akiuliza, "Sasa hayo maji yalikuwa yanakaa wapi?"

Je, ni haki kupanda ndege kwenda kutazama barafu inayoyeyuka?

Ni swali zito na sitakudanganya kwamba nina jibu jepesi. Agosti 2019 Waiceland waliweka kibao cha ukumbusho mahali palipokuwa na barafuto ya Okjökull, iliyotangazwa imekufa mwaka 2014. Ndege tuliyoipanda imo kwenye hesabu hiyo.

Ninachoamini ni kwamba safari kama hiyo lazima ilipwe kwa kazi, na kwamba isiwe ndiyo fildi pekee unayoiheshimu. Februari 1970 mvua ya saa chache Mgeta, milima ya Uluguru, iliangusha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Waliopanda kuyapima walikuwa watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden, akiwemo Anders Rapp, waliovuka bahari kuja kujifunza kwetu. Kondoa, makorongo yaliyokuwa yakimeza mashamba yalipimwa na kuhifadhiwa chini ya mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulioanza 1973. Nenda Kondoa na klinomita na fito zilezile. Utaratibu haubadiliki.

Na Iceland imekuwa ikiwafunza watu wetu kwa namna nyingine: tangu 1979 wana programu ya kuwafunza wataalamu wa jotoardhi kutoka nchi nyingine, na Wakenya wamekuwa kundi kubwa ndani yake. Umeme wa jotoardhi wa Olkaria, Kenya, umepitia mikononi mwa watu waliosimama kwenye mvuke wa Iceland.

Naweza kurudi na jiwe moja tu la kumbukumbu?

Acha. Ndani ya hifadhi za taifa ni marufuku, na sampuli za utafiti hukusanywa kwa kibali ambacho idara yako ndiyo inayoomba. Usikanyage pia ile mimea ya kijani inayofunika lava ya zamani, laini kama godoro: alama ya buti hukaa humo miaka mingi. Jiwe ukilipenda, lipime, lichore pande zote tatu, andika saa. Kisha lirudishe kwenye shimo lake, upande uleule lililokuwa limelalia.